Fundi akifa asisifiwe tu, ajibiwe

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Methali hii tumeikariri tangu utotoni, na kila panapofanywa sherehe ya utamaduni hapa Pwani hapakosi mheshimiwa wa kuitamka mbele ya kipaza sauti, akapigiwa makofi, akaketi. Lakini mimi, ndugu msomaji, nina swali ambalo limenikaa rohoni kwa muda mrefu. Kuishika asili ni kufanya nini hasa? Je, ni kurudia neno kwa neno yale waliyoyasema wazee? Je, ni kuwasifu na kutundika picha zao ukutani? Au liko jambo la tatu ambalo tulikuwa nalo zamani na sasa linatuponyoka?

Swali hili lilinirudia kwa nguvu siku ya tatu ya Idd, nikiwa barazani kwangu katika Mji wa Kale wa Mombasa. Mpwa wangu mmoja anayesomea muziki Ujerumani alikuwa amekuja kula Idd pamoja nasi. Baada ya sala ya Isha tulibaki watu watatu: kijana huyo, mimi, na mzee jirani yangu, mpiga udi wa siku nyingi ambaye vidole vyake sasa vimekazwa na baridi yabisi, lakini masikio yake bado ni makali. Jina lake sitalitaja, maana mwenyewe hapendi kuandikwa gazetini.

Kijana aliweka simu yake juu ya meza ya kahawa, akaiunganisha na spika ndogo. "Mjomba," akaniambia, "nataka wewe na babu msikilize kitu. Tafadhalini msiseme neno mpaka kimalizike. Ni dakika ishirini na tano tu."

Dakika ishirini na tano tu! Kahawa ilipoa vikombeni. Tulisikia patu nzito zikipigwa polepole, tarumbeta na jamaa zake zikivuma kwa pamoja kisha zikanyamaza, na oboe moja, ile ala ya Wazungu iliyo jamaa ya nzumari yetu, ikilalama peke yake huku mpigaji mmoja akiihesabia mapigo. Hapakuwa na mahadhi ya kuyashika na kwenda nayo njiani ukiyaimba. Nakiri kwamba mara mbili nilitazama saa.

Ulipokwisha, mzee alikaa kimya kwa muda. Kisha akauliza, "Mwanangu, haya ni maziko ya nani?"

Kijana akacheka kwa furaha, maana mzee hakuwa ameambiwa lolote, na alikuwa amepatia. Muziki ule ni wa kumlilia mtu. Uliandikwa na Mfaransa Pierre Boulez kwa kumkumbuka rafiki yake Mwitaliano, Bruno Maderna, na jina lake ni "Rituel". Tangu usiku ule nimeufuatilia muziki wa namna hii, yaani ule ambao watunzi wa Ulaya wa zama zetu huwatungia mafundi waliowatangulia katika kuvunja mila za muziki, na nimeona humo funzo ambalo sisi watu wa Pwani tunalihitaji pengine kuliko wao.

ALIYETANGAZA KWAMBA MZEE AMEKUFA

Kwanza yafaa msomaji ajue Boulez alikuwa mtu wa namna gani. Alizaliwa mwaka 1925, na ujana wake ulipita katika Vita Vikuu vya Pili. Vita vilipokwisha, vijana wengi wa Ulaya waliitazama miji yao iliyogeuka magofu wakaona kwamba ustaarabu wa baba zao haukuwakinga na lolote. Katika muziki pia walitaka kuanza upya, kama mtu anayehama nyumba asichukue hata kijiko.

Mwaka 1951 alifariki Arnold Schoenberg, mtunzi mzaliwa wa Vienna ambaye katika miaka ya 1920 alibuni njia ya kuzipanga sauti zote kumi na mbili za kinanda katika safu moja, ili pasiwe na sauti iliyo mfalme na nyingine zilizo raia. Kwa vijana wale, mzee huyu ndiye aliyewafungulia mlango. Ungetarajia basi Boulez aandike tanzia ya heshima. La hasha! Mwaka 1952 alichapisha makala katika jarida moja la Uingereza yenye kichwa kilichosema waziwazi kwamba Schoenberg amekufa. Hakuwa akitangaza msiba. Alikuwa akisema kwamba mzee aligundua lugha mpya kisha akaisemea katika mitindo mikuukuu, na kwamba njia yake imefika mwisho.

Wakati huo Boulez hakuwa ametimiza hata miaka 28. Hapa kwetu tungesema kijana huyo hana adabu, nami nasema hivyo hivyo. Mtu aliyekufungulia mlango humsukumi nje ya nyumba.

Sasa na tusogee mbele miaka ishirini na kitu. Bruno Maderna alizaliwa Venice mwaka 1920. Alikuwa mtunzi na mwongozaji wa okestra ambaye alizipigania kazi mpya za wenzake na kuzipeleka mbele ya watu. Mwaka 1955, yeye na Luciano Berio walianzisha studio ya muziki wa mitambo katika redio ya Italia mjini Milan. Pamoja na upya wake wote, Maderna hakuwatupa wazee: alizipanga upya kazi za mafundi wa Venice ya kale, kama Giovanni Gabrieli, zikapigwa tena na wanamuziki wa zama zake. Alifariki Novemba 1973 katika mji wa Darmstadt, Ujerumani, akiwa na miaka 53.

Na yule yule Boulez aliyekuwa amemzika Schoenberg kwa kejeli, sasa alimtungia rafiki yake maziko ya heshima. "Rituel" ilipigwa mara ya kwanza London tarehe 2 Aprili 1975, mwenyewe akiongoza okestra ya BBC.

Tazama jinsi alivyoijenga. Aliigawa okestra makundi manane. La kwanza ni oboe moja tu. La pili ni klarineti mbili, la tatu ni filimbi tatu, la nne ni fidla nne. Kisha linafuata kundi la ala tano za kupuliza, kundi la ala sita za nyuzi, kundi la ala saba za kupuliza, na mwisho shaba kumi na nne, yaani tarumbeta na jamaa zake. Kila kundi limepewa mpigaji wake wa ngoma au vyombo vya kugonga. Kazi yote ina sehemu 15. Katika sehemu zenye namba witiri mwongozaji huwaongoza wote pamoja. Katika zenye namba shufwa huwaachia, na kila kundi hufuata mapigo ya mpigaji wake, bila ya kulazimika kwenda sambamba na jirani.

Mtu yeyote aliyepata kukaa matangani atalielewa jambo hili kwa haraka. Watu huingia kwa makundi, kila kundi na mwendo wake na machozi yake, kisha husimama mtu akawakusanya wote katika neno moja, halafu wakatawanyika tena. Na kuna siri nyingine. Maderna katika maisha yake alitunga kazi tatu kubwa za oboe na okestra. Nilipojua hilo, ile oboe iliyolalama peke yake barazani kwangu haikuwa tena sauti ya ala ngeni. Nilihisi kama nimesikia mtu anaitwa kwa jina lake.

SILSILA ILIYOANZA NA UDI

Usiku ule kijana alitueleza jambo lililomfanya mzee aketi wima. Wafaransa wana jina maalumu la muziki wa kumkumbuka fundi aliyekufa: huuita "tombeau", maana yake kaburi. Walioanza kuutunga ni wapiga luti wa Paris katika karne ya 17. Mmoja wao, Ennemond Gaultier, alimtungia fundi mwenzake René Mesangeau aliyefariki mwaka 1638. Na luti ni nini? Ni udi. Jina lenyewe limetokana na Kiarabu, al-ud, na ala yenyewe ilivuka kuingia Ulaya hasa kupitia Hispania ya Waislamu.

"Kumbe ni wajukuu zetu hao," mzee akasema, akavuta kikombe chake.

Desturi hiyo ilififia baadaye, lakini haikufa. Mwaka 1905 Claude Debussy, ambaye wakati ule ndiye aliyekuwa akiuvunja muziki wa Ufaransa na kuujenga upya, aliandika kipande cha piano cha kumheshimu Jean-Philippe Rameau, fundi aliyefariki mwaka 1764. Debussy naye akafariki mwaka 1918. Mwishoni mwa mwaka 1920 jarida la Paris, La Revue musicale, lilitoa toleo la kumkumbuka, na humo likachapisha vipande vya watunzi kumi. Miongoni mwao walikuwamo Ravel, Bartók, de Falla, Satie, na Mrusi Igor Stravinsky.

Stravinsky na Debussy walikuwa wakijuana vizuri. Mwaka 1912 walikaa kwenye piano moja na kuipiga pamoja kazi mpya ya Stravinsky, ile ambayo mwaka uliofuata ilizusha ghasia katika ukumbi mmoja wa Paris. Kipande kile cha jarida kilikuwa ndicho hitimisho la kazi kubwa zaidi ya ala za kupuliza peke yake, aliyoitabaruku kwa kumbukumbu ya Debussy. Ilipopigwa mara ya kwanza London, Juni 1921, baadhi ya watu waliizomea.

Je, kazi hiyo inafanana na muziki wa Debussy? Haifanani. Ni kavu, ni ngumu, inakatikakatika. Stravinsky mwenyewe, alipoandika habari za maisha yake, alikiri kwamba lugha ya muziki ule huenda ingemtatiza marehemu. Hata hivyo alimpa. Hakutaka kumletea Debussy nakala ya Debussy. Alimletea kile alichoweza kukifanya yeye, Stravinsky, baada ya kumsikiliza Debussy.

Stravinsky naye alifariki mwaka 1971. Safari hii jarida la Uingereza, Tempo, liliwaomba watunzi vipande vya kumkumbuka, na mmoja wa waliojibu ni Boulez. Mbegu alizoziandika kwa ajili ya Stravinsky ndizo alizozirudia alipofiwa na Maderna, akazikuza zikawa "Rituel". Na mwaka 2015, Boulez alipotimiza miaka 90, katika tamasha la Lucerne nchini Uswisi ikapigwa kazi mpya ya kumheshimu, iliyotungwa na Mhungari György Kurtág. Boulez alifariki miezi michache baadaye, Januari 2016. Angalau yeye alijibiwa akiwa hai.

Basi hesabu, ndugu msomaji. Rameau, Debussy, Stravinsky, Boulez, Kurtág. Hii ni silsila kamili, kila mmoja amemshika mkono aliye mbele yake. Na hawa ndio watu ambao tumezoea kuambiwa kwamba waliutupa urithi wao baharini! Ukweli ni kwamba walivunja mengi, lakini walijua kwa nani wamepokea.

MZEE AACHIWE NENO LA MWISHO

Ningependa nikae kidogo na huyu Kurtág, kwa sababu kazi yake moja imenigusa kuliko zote. Alizaliwa mwaka 1926. Katika mwaka 1957 na 1958 aliishi Paris, na huko alinakili kwa mkono wake kazi za Anton Webern, mwanafunzi wa Schoenberg. Alifanya kama walivyofanya wanafunzi wa zamani wa Lamu na Siyu, waliokaa kitako wakanakili vitabu vya walimu wao herufi kwa herufi, maana mkono ukiandika na akili huingia.

Webern alikuwa mtu wa maneno machache. Kazi zake alizozipa namba ni 31 tu, na vipande vyake vingine havifiki hata dakika moja. Mauti yake yalikuwa ya kusikitisha. Septemba 1945, vita vikiwa vimekwisha, alitoka nje ya nyumba usiku ili avute sigara katika kijiji cha Mittersill, Austria, akapigwa risasi na askari wa Kimarekani.

Mwaka 1988 na 1989 Kurtág alitunga kazi ya fidla mbili, viola na chelo, yaani watu wanne tu, kumkumbuka mtunzi mwenzake wa Hungaria, Endre Szervánszky, aliyefariki mwaka 1977. Szervánszky alikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini mwao kuifuata njia ya Webern. Kazi hiyo ina vipande 15 vifupi, na yote haizidi sana dakika kumi. Katikati yake Kurtág ameweka kipande cha Webern, kutoka katika kazi ya mwisho aliyoikamilisha kabla ya kuuawa. Na mwisho kabisa, baada ya Kurtág kusema yake yote, unasikia muziki wa Szervánszky mwenyewe, mpole, mwepesi, wa siku za nyuma. Unasikika kidogo, kisha unakatika katikati ya njia. Hakuna hitimisho. Mtu alikuwa akizungumza, akanyamaza.

Nilipokisikia kipande hicho nilisema peke yangu: hii ni takhmisi!

Wasomaji wa Pwani hawahitaji kufundishwa takhmisi ni nini, lakini kwa ajili ya vijana nitaeleza kwa ufupi. Mshairi huchukua mistari miwili ya mshairi aliyemtangulia, akaongeza mitatu yake, ikawa mitano. Mitatu mipya hutangulia, na miwili ya mzee hufuata nyuma, ikafunga ubeti. Ndivyo ilivyo Takhmisi ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, huyo huyo mwenye Al-Inkishafi. Hakuyaacha maneno ya Liyongo yakae peke yake kama jiwe la kaburi, wala hakuyafuta akaandika yake. Aliingia humo humo ndani, akasema yake kwa lugha na fikra za wakati wake, kisha akamwachia mkubwa wake neno la mwisho.

Hii ndiyo maana ya tatu niliyokuwa nikiitafuta. Kumkumbuka fundi ni kumjibu. Anayenakili tu hajamjibu, kwa sababu hakusema neno lake. Anayesifu tu naye hajamjibu, kwa sababu hakusikiliza neno la mwenziwe. Anayejibu ni lazima afanye yote mawili.

KASORO ZAO NAZO ZISEMWE

Sitaki nidhaniwe kwamba nimelewa na mambo ya Ulaya. Muziki huu una kasoro, na kubwa yake ni kwamba watu wachache mno huweza kuufuata. Asiyemjua Szervánszky atajuaje kwamba yule anayenyamaza mwishoni ni Szervánszky? Wakati mwingine huonekana kama watu walio chumba kimoja wakipeana salamu wao kwa wao, na walio nje wakagonga mlango bila ya kufunguliwa. Takhmisi ya kwetu haikuwa hivyo. Mistari ya mzee ilikuwa tayari midomoni mwa watu, na raha ya msikilizaji ilikuwa ni kuona huyu mpya ataingia kwa wapi.

Tena sizungumzii ibada. Maiti wetu tunamsalia na tunamwombea dua, na hapo hapaingii fidla wala upatu. Wako pia wanazuoni wenye maneno yao juu ya ala, nami si mtu wa kusimama mbele yao. Ninazungumzia kitu kingine: ule ufundi ambao mtu aliuishi miaka hamsini, akaondoka, akauacha mlangoni kwetu. Nani ataunyanyua?

Na wao, pamoja na kasoro zao, wameuwekea ufundi wao nyumba. Mwaka 1976 Boulez alianzisha Paris kikundi cha wapigaji 31, Ensemble intercontemporain, ambao kazi yao ni kupiga muziki wa zama hizi. Mtunzi akifa, watu wa kuipiga kazi yake wapo, na watu wa kumtungia jibu wapo.

NA SISI JE?

Miaka michache iliyopita nilihudhuria hafla ya kumkumbuka fundi mmoja wa taarabu. Marehemu simtaji, na walioandaa siwataji. Hotuba zilichukua karibu saa tatu. Kila aliyesimama alisema pengo lake halitazibika. Likafunuliwa bamba lenye jina lake. Hatimaye akapanda kijana na kinanda cha umeme, chenye ngoma za mashine ndani yake, akapiga wimbo mmoja maarufu wa marehemu. Aliupiga kama ulivyo katika kaseti, kituo kwa kituo. Hata pale ambapo uzi ulimponyoka marehemu siku ya kurekodi, kijana alilirudia lile kosa! Watu wakashangilia. Mjane wa marehemu alikuwa ameketi safu ya nyuma, na sikuona mtu aliyekwenda kumwuliza kama nyumbani kuna daftari lolote la mashairi.

Tumefanya nini hapo? Tumesifu na tumenakili. Hatukumjibu.

Wala si kwamba hatujui kujibu. Siti binti Saad alipofariki mwaka 1950 nyimbo zake hazikuzikwa naye. Bi Kidude aliziimba kwa koo lake mwenyewe, kwa ukali wake mwenyewe, mpaka yeye naye alipofariki mwaka 2013. Alipoimba, ulimsikia Siti na ulimsikia Kidude. Lakini hapa Mombasa tumempoteza Juma Bhalo mwaka 2014, tukampoteza Zein l'Abdin mwaka 2016. Hotuba tumezisikia na kanda zao tunazo. Naomba kuulizwa si kutukana: takhmisi zao ziko wapi? Ni kijana gani aliyechukua mahadhi mawili ya Zein akaongeza matatu yake?

Usiku ule wa Idd nilimwuliza mzee jirani yangu angependa akumbukwe vipi, Mola akishachukua amana yake. Hakukasirika. Alisema, "Mimi sitaki nisifiwe. Nataka nijibiwe."

Kisha akamtuma kijana ndani kwake alete udi. Akatusimulia kwamba ustadhi wake, ambaye alimfundisha Lamu alipokuwa barubaru, alikuwa akitunga bashrafu moja wakati mauti yalipomfika. Alikuwa amefika nusu ya sehemu ya tatu. Mzee ameipiga bashrafu hiyo kwa zaidi ya miaka arobaini, na kila mara husimama pale pale aliposimama ustadhi wake. "Niliona ni adabu," akasema. "Sasa nimezeeka, naona labda ilikuwa ni woga."

Akaipiga. Vidole vilikuwa vizito, lakini mahadhi yalitoka. Akafika pale mahali, akanyamaza. Halafu akampa mpwa wangu udi. "Hebu, bwana mdogo. Hapa wewe ungeingiaje?"

Kijana alisita. "Babu, mimi udi si ala yangu."

"Ala si yako, masikio je?"

Akajaribu. Sauti nne, tano, akipapasa kama mtu anayetafuta swichi gizani. Mzee akatikisa kichwa. "Siyo," akasema. "Lakini endelea."

Nami nawaomba wote wanaoandaa hafla za kuwakumbuka mafundi wetu, zikiwamo zile za serikali na za vyama vya utamaduni, wafanye jambo moja dogo. Katika fedha za mabango na viti vya kukodi watoe fungu, wampe mtunzi mmoja kijana miezi mitatu kabla ya siku yenyewe, atunge kazi mpya juu ya mistari miwili ya marehemu, na ipigwe usiku huo mbele ya jamaa zake. Huenda isiwe nzuri. Huenda wazee wakatikisa vichwa wakasema siyo. Na wawepo hapo waseme hivyo, wakati bado wana pumzi ya kumwambia kijana aendelee.